Siku Nane Pwani kwa Wafrisia

Siku ya kwanza: Leeuwarden

Bonde la mpunga la baba yangu, kaskazini ya Pemba, halijavunwa misimu mitatu. Kila bamvua maji ya chumvi yanaingia, yanatuama, na yakiondoka yanaacha weupe juu ya udongo kama unga uliomwagika. Binti wa ami yangu ameolewa Uholanzi mwaka wa kumi sasa. Aliposikia habari ya bonde akanipigia simu: "Njoo huku uone kwao shemeji yako. Hawa wamekuwa wakigombana na bahari tangu kabla ya Warumi." Nikaanza kutafuta nauli.

Nimefika leo saa kumi jioni. Mji unaitwa Leeuwarden kwa Kiholanzi na Ljouwert kwa Kifrisia. Bendera yao ni milia ya buluu na nyeupe yenye alama saba nyekundu ambazo nilidhani ni mioyo. Shemeji akanirekebisha kwa upole: ni majani ya yungiyungi wa majini, saba kwa ajili ya nchi saba za pwani za Wafrisia wa zamani. Leo Wafrisia wamegawika: hawa wa mkoa wa Friesland huku Uholanzi, na wengine Ujerumani, Frisia ya Mashariki na Frisia ya Kaskazini hadi karibu na mpaka wa Denmark.

Tulipita kwenye mnara wa Oldehove. Ulianza kujengwa mwaka 1529, ukaanza kuinama ungali mchanga, na mwaka 1533 mafundi wakauacha. Umesimama hivyo, umeinama, hauna kilele. Msingi wake uko pembezoni mwa kilima kilichoinuliwa na watu zamani, upande mmoja ukapata pa kukaza na wa pili ukatitia. Nitaviona vilima hivyo siku ya nne.

Mahali palipogusa moyo wangu ni uwanja ulio mbele ya mahakama. Mwaka 1951 hakimu wa hapa alikataa kumsikiliza mtu aliyetaka kujieleza kwa Kifrisia. Mwandishi na mshairi Fedde Schurer akaandika makala kali gazetini, naye akashitakiwa. Tarehe 16 Novemba, siku ya kesi, watu wakajaa uwanjani, polisi wakawatawanya kwa virungu na maji. Siku hiyo mpaka leo inaitwa Kneppelfreed, Ijumaa ya Virungu. Mwaka 1956 sheria ikaruhusu lugha yao mahakamani. Nilimweleza shemeji kwamba Tanzania, pamoja na Kiswahili chetu chote, sheria ya kukifanya kuwa lugha ya mahakama imepita mwaka 2021 tu. Hakuamini. Alifikiri lugha yenye wasemaji wengi namna ile haina haja ya kupigania chochote. Kifrisia cha huku kina wasemaji laki nne na ushei, lakini dada anasema mavyaa wake hajapata kumsemesha mwanawe kwa lugha nyingine hata siku moja.

Jioni dada alitenga mkate, siagi na jibini lenye vidoa vyeusi. Nilitafuna mara moja nikanyamaza.

"Unalia nini, mdogo wangu?"

"Silii, dada. Nimesikia harufu ya Wete."

Ni jibini la karafuu na uzile, chakula cha kawaida cha Wafrisia. Karafuu zilifika huku kwa meli za ile kampuni ya Waholanzi iliyohodhi visiwa vya Maluku na kung'oa mikarafuu kwingineko ili bei isishuke. Wafaransa wakatorosha miche, wakaipanda Morisi miaka ya 1770, na kutoka visiwa vyao ndiko ilikotufikia sisi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo jibini hili na majamvi yetu ya kuanikia ni ndugu wa mbali.

Siku ya pili: Franeker na Harlingen

Asubuhi tulikwenda Franeker kuona kazi ya Eise Eisinga, mchambua sufu aliyejifundisha hesabu mwenyewe. Mwaka 1774 mchungaji mmoja alieneza habari kwamba mwezi na sayari nne zingekusanyika upande mmoja wa mbingu tarehe 8 Mei na dunia ingeng'olewa katika njia yake. Watu wakaingiwa na kiherehere. Eisinga hakubishana nao. Alipanda juu ya dari la sebule yake na kwa miaka 7 akatengeneza mfano wa mbingu wenye sayari zinazozunguka kwa mwendo wake wa kweli, meno ya magurudumu yakiwa ni misumari ya kupigwa kwa mkono. Alimaliza mwaka 1781. Bado linazunguka! Nilikaa chini ya dari lile nikiitazama Zohali, inayochukua zaidi ya miaka 29 kumaliza mzunguko mmoja. Tangu alipomaliza kazi yake imezunguka mara nane tu.

Harlingen ni bandari. Juu ya tuta la bahari lipo sanamu wanaloliita Mtu wa Mawe, lenye nyuso mbili, moja inatazama kaskazini na moja kusini. Ni kumbukumbu ya Caspar de Robles, gavana aliyetumwa na Wahispania, ambaye baada ya mafuriko makubwa ya Novemba 1570 aliwalazimisha watu wa wilaya mbili waache kutupiana lawama na kila mmoja atengeneze sehemu yake ya tuta. Mtawala wa kigeni kuwekewa sanamu na watu waliomchukia mfalme wake si jambo dogo.

Shemeji alinieleza na sheria ya koleo, iliyotumika katika nchi za matuta. Kila mwenye shamba alikuwa na kipande chake cha tuta. Aliyeshindwa kukitunza alichomeka koleo lake juu ya tuta na kuondoka na alichoweza kubeba. Atakayelichomoa lile koleo, shamba ni lake na tuta ni lake. Wafrisia wa upande wa Ujerumani wana msemo wake: asiyetaka kujenga tuta na ahame. Nimekuwa nikimfikiria baba tangu nilipousikia.

Siku ya tatu: Stavoren na Warns

Treni ndogo inaishia Stavoren, mji wa nyumba chache ambao zamani ulikuwa na meli hadi bahari ya Baltiki. Bandarini amesimama mwanamke wa shaba, anatazama maji. Kila mtoto wa Friesland anaijua hadithi yake, na mimi nimeipata kwa mavyaa wa dada, aliyekuja nasi kwa makusudi ili aisimulie mahali pake.

Bibi huyu alikuwa mjane, tajiri kuliko wote wa Stavoren. Alimwita nahodha wake akamwambia: nenda duniani uniletee kitu cha thamani kuliko vyote. Nahodha akazunguka mwaka mzima. Alipofika Danzig akaona shehena ya ngano, akakumbuka watu wanaolala na njaa, akasema kimepatikana. Alirudi na meli imejaa. Bibi akamuuliza, umeniletea nini? Ngano. Umeipakilia upande gani? Wa kulia. "Basi imwage baharini kwa upande wa kushoto." Maskini wa mji walikuja bandarini wakipiga magoti waombe japo kibaba, na ngano ikamwagwa mbele ya macho yao. Mzee mmoja akamwambia, iko siku utaomba. Bibi akavua pete yake, akaitupa baharini: "Siku pete hii itakaponirudia ndiyo siku nitakayokuwa maskini." Hazikupita siku nyingi, mpishi wake akapasua samaki, na pete ikamo tumboni. Meli zake zikazama moja baada ya moja. Pale ilipomwagwa ngano likaota fungu la mchanga na juu yake majani yanayofanana na ngano lakini hayana punje, na fungu hilo likaziba mlango wa bandari. Mpaka leo linaitwa Vrouwezand, Fungu la Bibi.

Mavyaa alipomaliza alifuta miwani yake, akasema Kifrisia kifupi ambacho dada alinifasiria: "Wengi husema ni hadithi ya kiburi. Mimi nilizaliwa wakati wa vita. Kwangu ni hadithi ya ngano."

Kweli bandari ya Stavoren ilizibwa na mchanga na biashara ikahama. Lakini lililobadili zaidi ni kazi ya mwaka 1932, pale Waholanzi walipokamilisha tuta la Afsluitdijk, lenye urefu wa kilomita 32, wakaukata mkono wa bahari na kuufanya ziwa. Tuta hilo lilitokana na mpango wa mhandisi Cornelis Lely, ambaye alifariki kabla ya kuliona limekamilika. Bibi wa shaba sasa anatazama maji baridi. Nilichota kiganja nikaonja: hayana chumvi hata kidogo. Kwa mtu wa kwetu ni jambo la kushangaza, kuonja bahari ikawa tamu.

Mchana tuliendesha baiskeli mpaka Rode Klif, kilima chekundu kidogo karibu na kijiji cha Warns. Hapa tarehe 26 Septemba 1345 Willem wa Nne, mtawala wa Holland, alishuka na majeshi yake kwa meli ili awatie Wafrisia mkononi. Askari wake walivaa chuma kizito, farasi hawakuwa nao. Wakulima na wavuvi wakawazingira na Willem mwenyewe akauawa. Wafrisia wa enzi hizo hawakuwa na sultani wala lodi, walidai kwamba mfalme Charlemagne aliwapa uhuru wao kwa hati. Hati hiyo ni ya kubuni, lakini uhuru wenyewe ulidumu karne nyingi, huku mpaka mwaka 1498. Juu ya kilima limewekwa jiwe kubwa lenye maandishi: *Leaver dea as slaef*. Afadhali kufa kuliko kuwa mtumwa.

Nilisimama mbele ya jiwe lile muda mrefu kuliko wenzangu. Ni maneno mazuri na nimeyapenda. Lakini mtawa Bede wa Uingereza ameandika habari ya kijana aliyetekwa vitani mwaka 679 na kuuzwa London, na aliyemnunua alikuwa mfanyabiashara Mfrisia. Tena Peter Stuyvesant, gavana wa makoloni ya Waholanzi kule Curaçao na mji uliokuja kuitwa New York, alizaliwa mkoa huuhuu na alimiliki watumwa. Nilimwambia shemeji. Alinyamaza, kisha akasema jiwe lile lina upande wa nyuma pia, ambao haujaandikwa kitu.

Siku ya nne: Hegebeintum, Moddergat, Dokkum

Leo nimeviona vilima. Huku wanaviita *terp*. Nchi yote ni bapa kama sinia, halafu ghafla mbele yako kimeinuka kilima na juu yake kanisa la matofali. Hegebeintum ndicho kirefu kuliko vyote Uholanzi, karibu mita 9 juu ya usawa wa bahari. Hakuna mwamba ndani yake. Watu walianza kukiinua karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, kwa mabonge ya udongo wa pwani, samadi ya ng'ombe na takataka za jikoni, kizazi juu ya kizazi. Matuta hayakuwepo bado. Maji yakija, watu na mifugo walipanda juu.

Mrumi Plinio aliifikia pwani hii katika karne ya kwanza na kuwaandika Wachauki, jirani wa Wafrisia walioishi vivyo hivyo. Anasema maji yakijaa wanafanana na mabaharia ndani ya vyombo, yakipwa wanafanana na watu waliovunjikiwa na chombo. Wanavua samaki wanaokimbilia maji, wanachoma udongo uliokaushwa na upepo ili wapate moto, na maji ya kunywa ni ya mvua tu, yanayokusanywa mashimoni mbele ya nyumba. Aliwaona ni watu wa kusikitikiwa. Akastaajabu kwamba watu kama hao, Roma ikiwashinda, wanasema wametiwa utumwani. Inanishangaza kwamba mtu mwerevu kama yeye hakuona alichokuwa amekitazama: watu waliojitengenezea ardhi ya kukanyaga.

Lakini kuna la pili, nalo limenikaa. Kilima cha Hegebeintum hakikubaki kizima. Kuanzia karne ya 19 udongo wa vilima hivi, uliolowa samadi ya miaka elfu mbili, ulikuwa mbolea ya thamani. Wakauchimba, wakaupakia mashuani na kuuza kwenye mashamba ya mchanga mbali na pwani. Waliendelea hadi nyumba za juu zikaanza kuwa ukingoni. Ukisimama upande mmoja unaona kilima kimekatwa wima kama mkate, na kanisa liko pale juu, limebakiwa na eneo lake na makaburi. Wajukuu waliuza kilichobebwa na mababu kwa vikapu.

Moddergat ni kijiji cha wavuvi nyuma ya tuta. Usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Machi 1883 dhoruba ilizikuta mashua zao baharini. Kati ya 22, 17 zilizama, wanaume 83 wakafa. Jumba la makumbusho liko ndani ya vijumba vya wavuvi wenyewe, vyumba vya kuinamia, vitanda vimejengwa ukutani kama makabati. Niliwasomea Fatiha mabaharia wale kimoyomoyo. Baharia ni baharia, na kumwombea mtu asiye na kaburi ni jambo tunalolijua.

Dokkum tulipita jioni. Hapa mwaka 754 Wafrisia walimuua mmisionari Bonifatius na wenzake. Wakatoliki bado wanakuja kwa hija kwenye kisima chake. Mimi nimependa zaidi hadithi ya mfalme Redbad, aliyekufa mwaka 719. Wanasema aliingiza mguu mmoja majini abatizwe, akauliza: wazee wangu wako wapi? Akaambiwa, motoni. Akautoa mguu wake. Heri kuwa na wazee wangu, akasema, kuliko kukaa peponi na watu wachache nisiowajua.

Siku ya tano: kwa miguu mpaka Ameland

Neno letu pwani limetokana na kupwa, yaani pale maji yanapoondoka. Kama neno hili lina makao yake duniani, basi ni hapa. Kati ya bara na mstari wa visiwa kuna bahari inayoitwa Waddenzee, na mara mbili kwa siku maji yanaondoka na kuacha tope na mchanga usio na mwisho. Tangu mwaka 2009 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Leo tumeivuka kwa miguu, saa nne nzima, tukiongozwa na mtu mwenye leseni, maana hairuhusiwi kujiendea. Wanaopotea huku hupotezwa na ukungu na mikondo.

Nilivaa viatu vya kufunga hadi kifundo kama nilivyoambiwa. Mwanzoni tope lilifika magotini na kunyonya mguu kwa sauti. Nilicheka peke yangu, kwa sababu nilijikuta natembea kama bibi yangu anapokwenda kuokota kombe: hatua fupi, kisigino hakikazwi, mwili mbele kidogo. Kiongozi aliniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia, kwetu.

Tofauti ni kubwa hata hivyo. Kwetu maji ya bamvua hupanda hata mita nne, huku ni mbili na kitu, ila nchi ni bapa mno hata mita hizo mbili zinatosha kufunika upeo wa macho. Kwetu pwani ina mwani, matumbawe na mikoko, huku ni kijivu juu ya kijivu. Ukiinama ndipo unaona: vijiti vya kinyesi cha nyungunyungu wa baharini kila baada ya hatua, kombe waliofukiwa kwa maelfu, konokono wadogo kama punje ya mtama. Ndiyo sahani inayolisha ndege milioni 10 na zaidi wanaopita hapa kila mwaka kati ya ncha ya kaskazini na Afrika. Sululu alilia juu yetu. Sauti ni ileile ya sululu wanaokuja kwetu kusi ikiisha. Sitasahau.

Katikati ya njia kulikuwa na mkondo wa kuvuka, maji ya kiuno, baridi ya kukata pumzi. Kisha mchanga mgumu, kisha majani ya chumvi, kisha kisiwa.

Ameland ilikuwa ya manahodha wa kuvua nyangumi, na nyumba zao nzuri bado zipo. Ila ncha ya mashariki ya kisiwa, iitwayo Oerd, ina hadithi yake. Rixt alikuwa mjane aliyeishi mle kwenye vichuguu vya mchanga na mwanawe Sjoerd, wakila kile bahari inachotupa ufukweni. Mwana alipokua akaenda zake ubaharia. Miaka ikapita bila chombo kuvunjika, njaa ikamzidi. Usiku mmoja wa dhoruba alimfunga ng'ombe wake taa kwenye pembe, akamwachia atembee juu ya mchanga. Meli iliyokuwa ikitafuta bandari iliona taa inayoyumba, ikadhani ni chombo kingine kilicho salama, ikaja ikapasuka. Rixt akashuka kukusanya. Mwili wa kwanza aliougeuza ulikuwa wa Sjoerd. Watu wa Ameland wanasema upepo ukivuma kwa nguvu unasikia jina lile likiitwa kwa kuvutwa, Sjoooerd.

Tulirudi kwa feri. Mkondo unaopitiwa na feri unajaa tope mchana na usiku, na mashine ya kuchimba haipumziki.

Siku ya sita: Frisia ya Mashariki

Mvua, na barabara ndefu. Tumeingia Ujerumani kwa gari la shemeji.

Leer tulisimama kunywa chai, nami nimekuta watu wanaoijua chai. Mtu mmoja wa Frisia ya Mashariki hunywa karibu lita 300 kwa mwaka. Kwanza bonge la sukari mawe chini ya kikombe chembamba. Kisha chai nyeusi kali, na unasikia sukari ikipasuka. Kisha tone la malai linalotiwa pembeni kwa kijiko, linazama na kuibuka kama wingu. Hukorogi! Unaanza na malai, unafika kwenye uchungu, unamalizia utamu. Vikombe vitatu ndiyo haki ya mgeni, na usipotia kijiko ndani ya kikombe wataendelea kukumiminia. Dada alikuwa na iliki ndani ya mkoba, akaniangalia, nikamwambia aiache.

Karibu na Aurich tulishuka kwenye mvua kuona Upstalsboom, kilima ambapo wajumbe wa nchi za Wafrisia walikutana enzi za uhuru wao kuamua kesi na mapatano. Ni piramidi ndogo ya mawe iliyowekwa baadaye, miti, na matone. Halafu njia hadi Husum, tumefika usiku.

Siku ya saba: Hallig Hooge

Kisiwa hiki hakina tuta la kuzuia dhoruba, kina ukuta mfupi wa kuzuia mawimbi ya kiangazi tu. Hallig ni kipande cha majani baharini, viko kumi hivi katika Frisia ya Kaskazini, na Hooge kina watu mia moja hivi. Mara kadhaa kila mwaka, wakati wa baridi, bahari inakipanda chote. Wenyewe wanasema neno moja, *Landunter*, nchi iko chini. Kinachobaki ni vilima kumi vyenye nyumba, kila kimoja kisiwa chake. Mwenyeji wetu alitueleza anavyofanya: anaingiza ng'ombe, anasogeza gari juu, anafunga mbao madirishani, kisha anakaa kusubiri. "Ukiwa na unga na mafuta ya taa," alisema, "huna la kuogopa isipokuwa saa ya maji kujaa."

Katikati ya kilima kuna bwawa la duara la maji ya mvua, la kunyweshea mifugo. Nilisimama ukingoni nikamkumbuka Plinio na mashimo yake mbele ya nyumba.

Usiku wa Februari 1825 mawimbi yalivunja kuta na kuingia ndani. Kiangazi cha mwaka ule mfalme wa Denmark, Frederick wa Sita, mtawala wao wa wakati huo, alikuja kuona hasara, hali ya hewa ikamzuia akalala kwenye nyumba ya nahodha. Chumba bado kipo, kuta zake ni vigae vya buluu. Baada ya mafuriko ya Februari 1962 nyumba zilijengewa chumba cha juu kinachosimama kwa nguzo za zege zilizoshuka ndani ya kilima. Kuta zote zikianguka, chumba hicho kinabaki na watu wake.

Nje, mabata bukini weusi walikuwa maelfu, wakila majani kabla ya kwenda Siberia. Isha iliingia karibu saa sita usiku. Niliswali juu ya kilima, bahari pande zote.

Siku ya nane: Südfall

Asubuhi gari la farasi lilitutoa Nordstrand likaingia baharini, magurudumu yakikata tope, kuelekea hallig ndogo ya Südfall. Chini ya tope hili ndiko uliko Rungholt.

Hadithi inasema ulikuwa mji wa matajiri. Siku moja walevi walimlewesha nguruwe, wakamlaza kitandani na kumvika kofia ya kulalia, wakamwita padri aje amsomee mgonjwa sala za mwisho. Padri alipokataa wakampiga na kuimwagia pombe mikate mitakatifu. Akaomba Mungu awahukumu, akaondoka. Usiku ule bahari ikapanda. Mabaharia wanasema maji yakitulia kengele za kanisa husikika chini.

Bahari ilipanda kweli, katikati ya Januari 1362. Kwa muda mrefu wengine walidhani mji wenyewe ni hadithi ya kubuni tu. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vya Kiel na Mainz, waliopima tope kwa mitambo, walitangaza kwamba wameona msingi wa kanisa la mita 40 kwa 15, na mnyororo wa vilima wa kilomita mbili. Tena wamekuta jinsi watu wale walivyoishi. Chini ya udongo wao kulikuwa na tabaka la mimea iliyooza, lililolowa maji ya bahari. Walilichimba, wakalikausha, wakalichoma, wakachuja jivu lake wakapata chumvi ya kuuza. Na walivyoondoa maji mashambani kwa mifereji, ardhi ikazidi kushuka. Mji ulisimama nyuma ya tuta dogo, chini ya bahari iliyokuwa ikingoja upepo.

Nilimwambia dada jambo ambalo sikumwambia siku ya kwanza. Mikoko ya mbele ya bonde la baba haikufa yenyewe. Tuliikata sisi, mwaka hadi mwaka, boriti za kujengea na kuni za tanuri za chokaa. Mimi mwenyewe nilibeba. Baba hupenda kusema ni mabadiliko ya hewa, na si mwongo, maji yamepanda. Lakini mlango tuliufungua kwa mapanga.

"Atakubali kupanda mingine?" dada aliuliza.

"Nitaanza mimi. Msimu wa mbegu za mikoko haujaisha."

Mwenye gari alitazama saa, kisha akatazama chini, siyo upeoni. Ndani ya nyayo za farasi wake, tulizoziacha tukija, maji yalikuwa yameanza kuonekana, kidogo, yakizunguka. Akawageuza farasi, na tulipofika tutani nyayo hazikuwepo tena.